Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni vyembamba hivyo?

Ukiingia katika nyumba ya mawe ya Lamu, zile za karne ya 18, utashangazwa kwanza na umbo la vyumba. Ni virefu kama behewa la treni, na vyembamba vivyo hivyo. Kuta zina unene wa karibu nusu mita, dari iko juu, na mwenyewe alikuwa tajiri wa kupanga sahani za Kichina ukutani. Mbona basi akakubali kubanwa kwenye upana wa mita mbili na nusu, au tatu akijitahidi?

Jibu liko juu ya kichwa chako. Tazama dari: miti imelazwa sambamba, kutoka ukuta huu hadi ule, ikiachana kwa shubiri moja na ushei. Hizo ni boriti za mkoko. Juu yake vimepangwa vipande vya matumbawe, kisha kifusi, kisha chokaa iliyoshindiliwa. Uzito wake si wa mchezo. Mkoko ni mti mgumu na mchwa hawaupendi, lakini ukiutandaza mbali kupita kiasi chini ya mzigo ule, unapinda. Basi fundi aliishia pale boriti ilipoishia.

Wauzaji wa miti ya mikoko wana majina kwa kila unene: fito ndiyo nyembamba kabisa, halafu pau, mazio, boriti, nguzo, vigingi na banaa. Huuzwa kwa korija, yaani miti ishirini. Mtu aliyetaka kujenga alijua tangu siku ya kuhesabu korija zake kwamba chumba anaweza kukirefusha apendavyo, kwani ni kuongeza boriti pembeni tu. Kukipanua ndiyo hapana. Msanifu majengo wa leo huchora mstari kwenye karatasi, kisha humwuliza mhandisi ni nondo kiasi gani zitaubeba. Kule mti ulitangulia, mchoro ukaufuata. Aliyetaka nafasi zaidi alipanga vyumba vyembamba sambamba, kimoja nyuma ya kingine.

Msikitini tatizo lilikuwa kubwa zaidi, maana waumini wanahitaji kupanga safu. Hapo ikabidi kusimamisha nguzo katikati ili boriti zipate pa kuegemea. Ndiyo sababu katika misikiti kadhaa ya kale ya pwani, ukiwamo ule mkubwa katika magofu ya Gedi karibu na Malindi, kuna safu ya nguzo iliyosimama katikati kabisa, inayomziba mtu asiione vizuri mihrabu, kile kishubaka kinachoonyesha kibla. Mgeni hudhani fundi alikosea hesabu.

Na jambo hili halikuishia kwetu. Majahazi yaliyoshuka na upepo wa kaskazi yalirudi na upepo wa kusi yakiwa yamesheheni boriti kutoka Lamu na delta ya Rufiji, kwenda Oman, Bahrain na Kuwait ambako miti ya kujengea ni adimu. Wenyeji wa huko huziita chandal. Nyumba zao za kale nazo zina vyumba vyembamba, kwa kuwa mti ni ule ule.

Lakini chumba chembamba kingeweza kuwa pango. Kilichokiokoa ni jinsi mwanga ulivyopangwa. Kutoka kichochoroni unapanda daka, ule ukumbi mdogo wenye viti vya mawe ambapo mgeni huketi. Unaingia tekani, yaani kiingilio cha ndani, unageuka kona (kona hiyo imewekwa makusudi, mpita njia asichungulie), na ghafla uko kiwandani, ua ulio wazi juu, jua limekupiga usoni. Upande wa barabarani madirisha ni haba, au hakuna. Mwanga wote wa nyumba unatoka hapa.

Kuanzia kiwandani unaingia chumba cha kwanza, msana wa tini, kisha cha pili, msana wa yuu, kisha kile kiitwacho ndani. Watu wa Lamu husema tini na yuu pale wengine tunaposema chini na juu. Katika msana wa kwanza unaweza kusoma bila taabu. Wa pili una kivuli cha saa kumi na moja jioni, hata kama nje ni adhuhuri. Ukifika ndani, chumba cha mama mwenye nyumba, macho yanahitaji kitambo kuzoea. Hakuna aliyehitaji kubandika tangazo la kumzuia mgeni. Kadiri mwanga unavyofifia ndivyo mtu anavyojua kwamba anaingia kwenye faragha ya watu.

Huko mwisho ndiko mara nyingi utaukuta ukuta wa zidaka, safu kwa safu za vijishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa. Watu huvitazama kama rafu za vyombo, na kweli vyombo viliwekwa. Ila kaa sakafuni dakika tano uvitazame. Mwanga unafika ukiwa umechoka, umepita vyumba viwili, unatokea upande mmoja tu. Chokaa nyeupe iliyosuguliwa inaudaka, na kila kidaka kinabaki na kivuli chake kidogo ndani. Ukuta ambao ungekuwa mwisho wa chumba unaonekana kama una vyumba vingine nyuma yake. Upana ni ule ule wa boriti, lakini husikii kubanwa.

Siku hizi zege imetuondolea mipaka ya mkoko, na hoteli nyingi za pwani hutengeneza zidaka za jasi katika kumbi za mita sita au saba, kila kidaka na taa yake ya umeme ndani. Vinapendeza kwenye picha. Ila taa imewekwa mahali pa kivuli, na bila kivuli kile vinabaki rafu tu.