Komedi nyeusi ya kisa cha kweli: kicheko cha nani, msiba wa nani?

Komedi nyeusi ni filamu, tamthilia au mchezo wa jukwaani unaochukua jambo la kuliza, kama kifo, ugonjwa au mauaji, na kulisimulia kwa namna inayomchekesha mtazamaji bila kulifuta jambo lenyewe. Maiti inabaki maiti. Kinachobadilika ni jicho la msimulizi: anakuonyesha upuuzi uliolizunguka jambo zito, na wewe unacheka huku ukijishangaa. Kisa kikiwa cha kubuni, ubishi huwa mdogo. Kisa kikiwa kimetokea kweli, yaani mtu alikamatwa, akasimama kizimbani, na familia fulani ikazika, hapo watazamaji hawapatani.

Hapa Tabora, filamu ya namna hii ikiisha kwenye kibanda umiza cha Ng'ambo au sebuleni kwa mtu Isevya, lalamiko la kwanza huwa moja: staringi ni nani? Mtazamaji wetu amekuzwa na filamu za kupigana, za Kihindi na za Kinigeria. Anajua staringi hafi, adui anakufa mwishoni, na anayechekesha ni yule rafiki mnene wa staringi. Komedi nyeusi inavuruga utaratibu huo wote. Unakaa saa nzima na nusu na muuaji, ndiye anayekuchekesha, na mbaya zaidi unaanza kumpenda. Kuna wanaotoka wakisema filamu haina kichwa wala miguu. Nadhani wanachokasirikia hasa ni kwamba hawakuelekezwa wamchukie nani.

Mfano unaoeleza dhana hii kuliko maelezo yoyote ni filamu ya Bernie ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Richard Linklater, Jack Black akiwa mhusika mkuu. Kisa chake ni cha Carthage, mji mdogo wa Texas, Marekani. Bernie Tiede alikuwa msaidizi katika kampuni ya mazishi: mpole, mwimbaji wa kanisani, hodari wa kufariji wajane. Akawa rafiki wa karibu wa mjane tajiri, Marjorie Nugent, ambaye watu wa mji walimwona mkali na mchoyo. Novemba 1996 alimpiga risasi nne mgongoni. Bibi alikuwa na umri wa miaka 81. Mwili ukalazwa kwenye friza kubwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, chini ya vyakula vilivyoganda, na ukakaa humo miezi tisa. Muda wote huo Bernie aliendelea kutumia fedha za marehemu, nyingi kwa kuwasaidia watu na kuchangia kanisa. Mwili ulipopatikana Agosti 1997 na Bernie akakiri, sehemu kubwa ya mji ilimtetea. Mwendesha mashtaka aliogopa kwamba hatapata baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoapishwa kusikiliza kesi na kuamua, la kumtia hatiani pale Carthage, akaomba kesi ihamishiwe mji mwingine, San Augustine. Kwa kawaida ni mshtakiwa anayeomba hivyo, kwa sababu watu wa kwao wanamchukia. Huyu alihamishwa kwa sababu walimpenda mno. Mwaka 1999 akafungwa maisha.

Ukiangalia vizuri, hakuna mtu anayecheka risasi. Kicheko kinatoka pembeni: kwa wazee wa mji wanaokaa mbele ya kamera na kusema kwa utulivu kwamba bibi yule hakuwa mtu wa kuliliwa sana, kwa mwendesha mashtaka anayehangaika kuwaelewesha majirani zake kwamba kuua ni kosa hata kama muuaji anaimba vizuri. Baadhi ya wanaozungumza humo si waigizaji. Ni wakazi halisi wa Carthage, wakisimulia wenyewe. Kwa hiyo unachotazama ni umbea wa mji, na mtu yeyote aliyewahi kukaa barazani Tabora wakati kuna kesi inanguruma pale mjini atautambua mara moja. Tunajua jinsi mji unavyoweza kuamua nani mwema kabla hakimu hajafungua jalada.

Niliwahi kumsikia bibi mmoja akimuuliza mjukuu wake aliyekuwa akimsimulia kisa hiki kwa kicheko.

"Mume wangu, huyo bibi wa kwenye friza alikuwa na watoto?"

"Alikuwa naye mtoto, bibi. Na wajukuu."

"Na wao walikaa wakacheka pamoja nanyi?"

Kijana hakuwa na jibu, lakini swali lile ni bora kuliko mapitio mengi ya filamu niliyowahi kusoma. Filamu ya Bernie inaupa mji nafasi ya kusema, inampa muuaji nafasi ya kuimba, na aliyeuawa anabaki kama mji ulivyomchora. Yeye peke yake hawezi kukaa mbele ya kamera ajitetee.

Wengine husema kwamba kucheka kifo ni tabia ya Wazungu. Mtu wa Unyamwezi akisema hivyo anajisahaulisha. Sisi tuna utani. Kwenye msiba wa mzee, mtani anaingia wakati watu wanalia, anaigiza mwendo wa marehemu, anamdai marehemu deni ambalo halikuwahi kuwepo, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado usoni. Wajukuu wana utani na babu na bibi, mashemeji wana utani wao, na makabila nayo yana wa kwao: wa Wanyamwezi na Wazaramo unahusishwa na misafara ya karne ya 19, wapagazi wetu walipokuwa wakishuka pwani na meno ya tembo kupitia nchi za watu. Kwa hiyo kicheko ndani ya msiba hakikuletwa kwetu na kisimbuzi.

Ila utani una masharti, na hapo ndipo unapotusaidia kuielewa komedi nyeusi. Kwanza, mtani anajulikana. Si kila mpita njia anaweza kuingia msibani na kumdhihaki marehemu. Pili, mtani anafanya kazi. Anachimba kaburi, anachota maji, anashinda na wafiwa. Matusi yake yamelipiwa jasho. Tatu, anasoma msiba: mzee aliyekula chumvi nyingi huchekwa sana, lakini kwa mtoto mchanga, au mtu aliyekufa kifo kibaya, mtani mwenye akili hupunguza au hunyamaza kabisa. Nne, lengo la mzaha ni kumrudisha mfiwa kwa walio hai. Mzaha ukimzidishia uchungu, utani umeharibika na wazee watamtoa nje.

Sasa mweke mtengeneza filamu kwenye kipimo hicho. Si ndugu wala mtani wa waliofiwa, kwa hiyo sharti la kwanza limekwisha kumshinda. Anachoweza kufanya ni lile la pili: kuchimba. Je, alifuatilia kisa mpaka akamjua marehemu kama mtu, au alichukua tu vituko vya wauaji akaviweka kwenye muziki? Watazamaji wengi hawalisemi kwa maneno haya, lakini wanalihisi. Ndiyo maana filamu mbili zenye maiti zilezile na mzaha uleule zinaweza kupokelewa tofauti kabisa.

Pain & Gain ya mwaka 2013, kazi ya Michael Bay, ni mfano wa upande wa pili. Inahusu genge la watu wa mazoezi ya misuli huko Miami ambao kati ya 1994 na 1995 walimteka mfanyabiashara mmoja, wakamtesa mpaka akasaini kuwapa mali zake, wakajaribu kumuua wakashindwa. Baadaye wakawaua watu wengine wawili, mtu na mpenzi wake. Wawili wa genge hilo walihukumiwa kifo. Filamu inawaonyesha kama wapumbavu wenye ndoto kubwa, na ni kweli walifanya mambo ya kipumbavu. Lakini yule aliyenusurika alilalamika hadharani, na ndugu wa waliouawa nao walilalamika, kwamba mateso yao yamegeuzwa kichekesho na wauaji wamepewa huruma. Binafsi naona wana hoja. Upumbavu wa muuaji unachekesha akiwa peke yake na wenzake wakipanga mipango isiyopangika. Kamera ikigeuka kwa mtu aliyefungwa kamba huku muziki ukiendelea kuchangamka vilevile, kicheko kinakuwa cha mtesaji, na mtazamaji ameingizwa humo bila kuulizwa.

Kuna jambo jingine linaloharibu mazungumzo ya watazamaji: maandishi ya mwanzoni yanayosema hiki ni kisa cha kweli. Watu huyachukua kama kiapo cha mahakamani. Fargo ya mwaka 1996, ya ndugu Joel na Ethan Coen, inaanza kwa kudai kwamba matukio yake yalitokea Minnesota mwaka 1987. Hayakutokea hivyo. Hadithi ni ya kubuni, ingawa ndani yake kuna mwangwi wa mambo halisi, hasa tukio la kutisha la mashine ya kusaga matawi, linalofanana na mauaji ya mwanamke mmoja wa Connecticut mwaka 1986 ambayo mumewe alitiwa hatiani. Yale maandishi ya mwanzo ni sehemu ya mzaha: yanakufanya ukae wima, kisha unaonyeshwa watu wajinga waliovaa makoti mazito. Kwa hiyo unapomsikia mtu anaapa kibarazani kwamba aliyoyaona yalitokea yote, mpe nafasi ya kukosea. Hata filamu zinazofuata kisa halisi hubadilisha mpangilio, huunganisha watu wawili kuwa mmoja na hutunga maneno ya faragha ambayo hakuna aliyeyasikia.

Kwa vibanda vyetu kuna tatizo la ziada, nalo ni yule anayetafsiri muvi. Simdharau, amewafungulia watu wengi dunia. Lakini komedi nyeusi inaishi kwenye sauti. Mhusika anatamka jambo la kutisha kama anayeagiza chai, na utulivu huo ndio kichekesho chenyewe. Mtafsiri akija na sauti yake ya kishindo, "Oyaaa, jamaa kashaua huyo!", utulivu umekufa na filamu imekuwa ya ujambazi wa kawaida. Au anaongeza mizaha yake mwenyewe juu ya maiti, na sasa watu wanacheka mahali ambapo mwongozaji alitaka wanyamaze. Kisha, mwishoni, yanapopita maandishi ya kueleza nani alifungwa miaka mingapi na nani yuko hai, mara nyingi yeye tayari anatangaza muvi ya kesho. Watazamaji wawili wa filamu moja, mmoja aliyeiona ilivyo na mwingine aliyeiona kibandani, wanaweza kubishana usiku kucha kumbe hawakutazama kitu kimoja.

Umbali nao unapima kicheko. Texas ni mbali, 1996 ni zamani, na bibi Nugent hana ndugu Kanyenye. Jaribu kusogeza kamera. Mikoa yetu ya magharibi na ya kanda ya ziwa inajua mauaji ya vikongwe: akina mama wazee waliouawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Inajua pia mauaji ya watu wenye ualbino. Ningemuuliza kijana anayesema komedi nyeusi ni sanaa tu: ungecheka? Wengi hujibu hapana haraka, na nawaelewa. Lakini hata hapo nafasi ipo, ikitegemea mzaha umeelekezwa wapi. Mganga wa ramli chonganishi anayemtazama kuku aliyepasuliwa na kumsomea mteja jina la jirani ambaye mteja mwenyewe alishalitaja mlangoni, huyo ni mtu wa kuchekwa, tena kwa sauti. Mwana anayetafuta shamba la mama yake na kujifanya anaogopa uchawi, naye anachekwa kwa namna inayouma. Bibi mwenyewe hachekwi. Filamu ikimfanya bibi kuwa kituko, haitakuwa komedi nyeusi. Itakuwa imeungana na waliomzingira na mapanga.

Kisa cha Bernie hakikuishia kwenye filamu. Wakili mmoja aliyeiona alivutiwa na kesi, akaifuatilia, na mwaka 2014 Bernie akaachiwa kwa dhamana baada ya kuwasilishwa ushahidi mpya kuhusu unyanyasaji aliofanyiwa utotoni. Sharti mojawapo lilikuwa aishi kwenye makazi yaliyo kwa Linklater, yule yule mwongozaji. Familia ya marehemu ilipinga kwa nguvu. Mwaka 2016 suala la adhabu lilisikilizwa upya, ndugu wa bibi wakapata nafasi ya kuzungumza mbele ya watu walioapishwa kusikiliza, na Bernie akarudishwa gerezani kwa kifungo cha miaka 99 hadi maisha. Nakala za filamu zinazozunguka kwenye flashi huku kwetu ni za mwaka 2011, kwa hiyo sehemu hiyo haimo.