Crown ya haibridi milimani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukitangaza Mbeya kwamba unataka kununua Toyota Crown ya haibridi, utaonywa kuhusu betri mpaka uchoke. Onyo hilo lina chembe ya ukweli, lakini limewafanya watu wasahau sehemu nyingine za gari zinazokula fedha. Nazungumzia hasa Athlete na Royal za toleo lililotoka Desemba 2012, zenye injini ya silinda nne ya lita 2.5 inayosaidiwa na mota ya umeme.

"Betri kubwa ikifa, gari limekufa"

Hapana. Betri hiyo, ile inayoendesha mota, ni vipande vingi vilivyounganishwa hadi kufikisha zaidi ya volti 200. Mara nyingi huanza kuchoka kipande kimoja au viwili, ndipo kompyuta ya gari inaandika kodi (namba ya kosa) P0A80. Fundi anaweza kubadilisha hicho kibovu tu, na gari likatembea. Tatizo ni kwamba kipande kipya hakilingani na wenzake waliokwisha kuzeeka, na baada ya muda kingine kinafuata. Seti nzima ni milioni kadhaa, ndiyo, lakini kurudi gereji kila baada ya miezi michache nako kuna bei yake.

"Baridi ya huku inaua betri"

Adui mkubwa wa betri hii ni joto. Asubuhi za Juni na Julai nguvu yake hupungua kidogo na injini huwaka mapema ili kupata joto, basi. Kwa hilo, gari la Mbeya au Makete lina nafuu kuliko la Dar es Salaam.

Kinachotuumiza huku ni vumbi. Betri hupozwa na feni inayonyonya hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo karibu na siti ya nyuma. Ukifungua feni ya gari lililozoea barabara za vumbi, utakuta mapanga yake yamevaa utando mzito wa vumbi, nywele na nyuzi za vitambaa vya siti. Hapo feni inazunguka lakini hewa haipiti, na betri inapikwa polepole. Kusafisha ni kazi ya fedha ndogo. Tena, usizibe tundu hilo kwa mizigo au blanketi.

"Haliwaki, kwa hiyo betri ya haibridi imekwisha"

Pima kwanza betri ndogo ya volti 12, ile ya kwenye buti. Ikishuka, neno READY, yaani gari liko tayari kuondoka, halitokei kwenye dashibodi hata kama betri kubwa ni nzima. Hii ni ya laki kadhaa. Inauma sana kuona mtu ameuziwa betri kubwa kwa kosa la ndogo.

"Breki za haibridi hazina gharama"

Pedi hudumu kweli, kwa sababu mota hufanya sehemu ya kazi ya kupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Lakini breki yenyewe inategemea pampu ya umeme na tangi dogo linalohifadhi presha. Gari likiwa limesimama mahali patulivu, kanyaga breki mara chache na usikilize. Pampu ikiunguruma kidogo na kunyamaza, vizuri. Ikiunguruma karibu kila ukigusa, presha inavuja. Kodi zake ni kama C1256 na C1391, na mara nyingi dawa ni kubadilisha mtambo mzima, ambao bei yake inaweza kukaribia ya betri kubwa. Ya mtumba ni bahati nasibu.

Kwetu jambo hili ni la uhai. Ukiteremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, betri hujaa kabla mlima haujaisha, na ikijaa haipokei tena umeme. Kuanzia hapo unabaki na pedi na injini. Shusha gia mapema: kwenye wenzo wa gia, baadhi ya haibridi zina B, Crown ina S.

"AC ni AC, fundi yeyote anajaza"

Kompresa ya gari hili haina mkanda. Inaendeshwa na umeme wa betri kubwa na inatumia oili maalumu isiyopitisha umeme. Fundi akiweka oili ya magari ya kawaida, umeme unaweza kuanza kuvuja, kompyuta ikatoa P0AA6 na gari likagoma kuwaka. Muulize ataweka oili gani kabla hajafungua kitu. Na nyaya za rangi ya chungwa asiziguse mtu asiye na glavu za umeme na asiyejua kuchomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri kubwa.

"Haibridi haipandi milima"

Inapanda. Mwinuko wa Mbeya, kama mita 1,700, huipunguzia injini hewa, lakini mota haihitaji hewa. Kwenye mlima mrefu betri hushuka na injini ikabeba mzigo mkubwa zaidi. Nafuu ya mafuta utaiona zaidi kwenye foleni ya Mwanjelwa kuliko safari ya Makambako.

"Hakuna taa inayowaka, gari ni zima"

Taa za onyo za dashibodi hufutwa kwa mashine ya kusoma kodi dakika chache kabla mnunuzi hajafika. Kwa hiyo nenda na fundi wako na mashine yake, lipandishe Mlima Nyoka mashine ikiwa imechomekwa, mtazame volti za kila kundi la vipande vya betri injini ikivuta. Kundi moja likianguka mbali na wenzake, mmepata la kuzungumza kwenye bei. Muuzaji akikataa kipimo hicho, acha gari lake.