Jianyang Haikupanga Herufi, Ilichonga Mbao

Juzi, baada ya mhadhara, nimeelezwa tena, kwa kujiamini kabisa, kwamba vitabu vya Jianyang, huko China, vilichapwa kwa herufi za kupanga, yaani vipande vya herufi moja moja vinavyopangwa kuwa ukurasa, eti kwa sababu Mchina Bi Sheng (Bi ni jina lake la ukoo) alikwisha kuzibuni katika miaka ya 1040. Kubuni ni jambo moja, kuenea ni jingine. Viko vichache vya enzi ya Ming (1368–1644) kutoka upande ule vilivyochapwa kwa herufi za shaba. Vilivyosalia, yaani karibu vyote, ni kazi ya ubao, yaani ukurasa mzima umechongwa katika ubao mmoja.

Jianyang, ambayo leo ni wilaya ya mji wa Nanping kaskazini mwa mkoa wa Fujian, ilichapa vitabu vya biashara tangu enzi ya Song (960–1279) hadi Ming. Milima iliipa mianzi ya karatasi na miti ya kuchonga, na mto uliteremsha mizigo hadi Fuzhou.

Ubao haukuwa ujinga wa watu waliokosa maarifa. Mwenye herufi za kupanga hana budi kukisia mapema atauza nakala ngapi, kwa kuwa akimaliza huufumua ukurasa ili herufi zikatumike kwingine. Mwenye mbao huchapa nakala hamsini, huziweka mbao ghalani, na wateja wakirudi mwaka unaofuata huzitoa na kuzipaka wino upya. Mashine ya nini? Wino kwa brashi, karatasi juu yake, brashi kavu mgongoni mwa karatasi, basi.

Anayebisha na autazame ukurasa wenyewe. Ubao uliozeeka hupasuka, na ufa wake hutokea kama mstari mweupe unaokatiza herufi za safu tatu nne kwa mpigo, jambo lisilowezekana kwa vipande vilivyotengana. Hata hivyo nakiri kwamba kitabu kilichochapwa mbao zikiwa mpya, kisicho na ufa hata mmoja, kimewahi kunikalisha jioni nzima bila uamuzi.

Ye Mengde, msomi wa enzi ya Song, aliviweka vitabu vya Fujian mkiani, nyuma ya vile vya Hangzhou na Sichuan, kwa sababu ya mbao laini zilizochongeka upesi. Watu hupenda kunukuu hapo tu, na kumbe hapo hapo alisema kwamba vimeenea karibu kila mahali kwa sababu hiyo hiyo ya wepesi.

Tena kosa likishachongwa hurudiwa katika kila nakala. Lu You, mshairi wa enzi ya Song, amesimulia habari za mwalimu aliyewauliza wanafunzi, kutoka Kitabu cha Mabadiliko, kitabu cha kale cha uaguzi cha China: Qian (alama ya mbingu) ni metali, mbona Kun (alama ya ardhi) nayo ni metali? Wanafunzi wakaleta toleo la chuo cha serikali, ambamo Kun si metali (金) bali ni chungu (釜), herufi inayotofautiana na ile ya kwanza kwa vialama viwili vya juu tu. Huenda mwalimu, wakasema kwa adabu, amesoma toleo la Masha, yaani la mji mdogo wa Jianyang. Mwalimu akafadhaika, akakiri kwamba anastahili adhabu.