Kile Mahakama ya Juu ya Kenya haikusema

Kwa miaka mingi watu wameamini kwamba wakili anayewatetea mashoga mahakamani amekwenda kuomba ndoa zao zihalalishwe. Ndiyo maana Mahakama ya Juu ya Kenya ilipotoa hukumu tarehe 24 Februari 2023, wengi walitangaza kuwa ushoga umehalalishwa. Haukuhalalishwa.

Kesi hiyo ilitokana na wakili Eric Gitari kukataliwa kusajili shirika la kutetea haki za watu hao. Alisimama juu ya Kifungu cha 36 cha Katiba, kinachompa kila mtu uhuru wa kujumuika na wenzake. Majaji watatu kati ya watano walimkubalia. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni za Adhabu, vinavyotumika kuadhibu ngono ya jinsia moja na vilivyorithiwa kutoka kwa mkoloni, havikuguswa; Mahakama Kuu ilikuwa imeviacha visimame tangu Mei 2019.

Kazi iliyo nzito zaidi ya mawakili hawa, kwa maoni yangu, haizungumzwi sana. Mwaka 2015 wanaume wawili walikamatwa Kwale, wakalazimishwa kupimwa sehemu ya haja kubwa ili polisi wapate ushahidi. Upimaji huo hauwezi kuthibitisha mtu amelala na nani, na kumfanyia mtu asiyeridhia ni kumdhalilisha. Mahakama Kuu ya Mombasa iliukubali mwaka 2016. Mawakili walikata rufaa, na Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba ulivunja haki za wanaume hao.