Kwa nini ukurasa uliokuwa wazi hupotea ukiupakia upya?

Umebofya viungo viwili vitatu kwenye tovuti, sasa uko kwenye anwani /picha/42 na picha unaiona. Unarifreshi. Ghafla: 404, ukurasa haupatikani. Sekunde chache tu zilizopita ulikuwepo!

Ukweli ni kwamba seva, kompyuta inayotoa tovuti hiyo, haijawahi kuujua ukurasa huo.

Kwenye tovuti za kawaida, kila ukibofya kiungo kivinjari huiomba seva ukurasa mwingine, na skrini huchorwa upya kuanzia mwanzo. Tovuti ya namna ile uliyokuwa ukiiangalia, iitwayo programu ya ukurasa mmoja, hupokea faili moja tu, kwa kawaida index.html, pamoja na JavaScript yake, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya kivinjari. Baada ya hapo JavaScript ndiyo inayobadilisha unachokiona. Ikiachwa hivyo, anwani haisogei hata kidogo: huwezi kumtumia mwenzako kiungo cha picha ya 42, na ukibonyeza kitufe cha kurudi nyuma unajikuta nje ya programu nzima. Mimi naliona hilo kuwa kosa zito, kwa sababu anwani ni ya mtumiaji. Ndiyo anayoihifadhi na kuwapa wengine.

Mbinu ya zamani ilikuwa alama ya #. Kinachoandikwa baada yake hakipelekwi kwa seva, kwa hiyo kinaweza kubadilishwa bila ukurasa kupakiwa. Twitter walitumia #! mwaka 2010, kisha wakaiacha mwaka 2012: seva isipojua unataka nini, inabidi usubiri JavaScript ifike na kuanza kazi ndipo uone chochote.

Kisha HTML5, toleo jipya la lugha ya kurasa za wavuti, ikaleta pushState, amri ya JavaScript inayoandika anwani kamili bila kuigusa seva. Ruta, yaani msimbo unaolinganisha anwani na kinachoonyeshwa, ikiwa ndogo kabisa inakuwa hivi (chora ni kazi utakayoiandika mwenyewe ya kuchora ukurasa wa anwani iliyopewa):

```
document.addEventListener('click', e => {
  const a = e.target.closest('a');
  if (!a || a.origin !== location.origin) return;
  if (e.ctrlKey || e.metaKey || e.shiftKey) return;
  e.preventDefault();
  history.pushState(null, '', a.href);
  chora(location.pathname);
});
window.addEventListener('popstate',
  () => chora(location.pathname));
```

Usiuruke mstari wa ctrlKey. Bila huo, anayeshikilia Ctrl akibofya ili kufungua kiungo kwenye kichupo kipya unamnyima haki yake. Tena angalia jinsi chora inavyoitwa mara mbili. Tukio la popstate hutokea mtu anaporudi nyuma au kusonga mbele, lakini pushState yenyewe hailiamshi. Wanaoanza hukwama hapo kwa saa nzima: anwani imebadilika, skrini imeganda.

Sasa turudi kwenye ile 404. Ulipofika /picha/42 kwa kubofya, ni JavaScript iliyoandika anwani hiyo. Uliporifreshi, kivinjari kiliipeleka anwani ileile kwa seva, nayo ikatafuta faili ya jina hilo, ikaikosa. Dawa iko upande wa seva: kila njia isiyo na faili ijibiwe kwa index.html. Kwenye nginx, moja ya programu za seva, ni mstari mmoja:

```
try_files $uri /index.html;
```

Dawa hii ina gharama yake. Seva sasa hujibu 200, yaani “sawa, ukurasa upo”, hata kwa /picha/abc isiyokuwepo, kwa hiyo ni ruta yako inayopaswa kumwambia msomaji kwamba hakuna kitu kama hicho.

Kuna jambo jingine ambalo watu husahau, na linaniuma. Ukurasa wa kawaida ukipakiwa, kisomaji skrini cha mtu asiyeona hutangaza kichwa chake. Kwa pushState hakuna kinachotangazwa. Mtu anabofya, kimya, anabofya tena. Ndani ya chora, badilisha document.title, weka tabindex="-1" kwenye h1 mpya (kichwa kikuu cha ukurasa), kisha uiite focus juu yake ili kisomaji skrini kihamie hapo. Hapo naye atasikia kwamba amefika.