Sindano nyepesi haitunzi santuri, inaitafuna

Kuna mzee mmoja hapa Mwanjelwa ana santuri za dansi tangu ujana wake, kila nikienda namkuta kaupunguza uzito wa ule mkono wa gramafoni unaoshika sindano mpaka gramu 1, eti sindano ikiwa nyepesi sahani haziliki. Shikamoo mzee wangu, ila hapo hapana. Ikiwa nyepesi kupita kiasi haikai kwenye mfereji, inarukaruka humo ndani inagonga kuta na kule kugonga ndo kunakoharibu, utasikia zile "s" za mwimbaji zinakwaruza, ujue tayari inachimba. Kila katriji, yaani kile kichwa kidogo kinachobeba sindano, ina uzito wake wa kukandamizia santuri, Ortofon 2M Red ni gramu 1.8, Audio-Technica VM95E ni gramu 2, tafuta kamizani kadogo ka dijitali upime, usikisie kwa kidole. Halafu baridi ya Mbeya mwezi wa sita wa saba si unaijua, kile kimpira kinachoshika kijiti cha sindano kinakakamaa kabisa, kwa hiyo subiri chumba kipate joto kidogo ndo upige. Na wale wa kubandika sarafu juu ya kichwa ili isiruke, nyie ndo mnalima kabisa.