Kabla hujampa mwanao dawa ya kuongeza damu

Ingia duka lolote la dawa, Tanga au Mombasa, Mtwara au Chake Chake, useme mwanao wa miezi minane viganja vimepauka. Muuzaji hatakuuliza mengi. Atakupa chupa ya dawa ya kuongeza damu na kukuelekeza kijiko asubuhi, kijiko jioni. Simlaumu sana. Sisi tuliosomea lishe ya watoto tulianza na hesabu hiyohiyo: damu imepungua kwa kuwa madini ya chuma yamepungua, basi ongeza chuma. Hesabu hiyo ina ukweli, ila imekatwa katikati. Kipande kilichobaki kiligunduliwa kwa sehemu kubwa hapa kwetu Afrika Mashariki, na wazazi wengi wa hapa hawajapata kukisikia.

Tatizo lenyewe ni kubwa, nisieleweke vibaya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Chuma ndicho kinachobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, na ubongo unaokua hauendi bila hicho. Lakini si kila mtoto aliyepungukiwa damu amepungukiwa chuma. Malaria hula damu, minyoo ya safura hunyonya damu, selimundu (sikoseli), ugonjwa wa kurithi, huvunja chembe. Kwa nje wote hao wanafanana: viganja vyeupe, uchovu, hamu ya kula hakuna.

Kingine ni kwamba chuma hakihitajiwi na mtoto peke yake. Karibu kila bakteria na kimelea anayetuletea maradhi anakihitaji ili azaliane. Mwili unalijua hilo. Vijidudu vinapoingia, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, nayo hufunga njia mbili kwa pamoja: chuma kilichomo kwenye chakula hakivuki ukuta wa utumbo, na kile kilichohifadhiwa ndani ya chembe zinazosafisha damu kuukuu hakitoki. Ni kama mji unaofunga ghala adui akiwa mlangoni. Mwanasayansi wa Marekani, Eugene Weinberg, aliuita mpango huo kinga ya lishe katika miaka ya 1970, miongo mitatu hivi kabla hepsidini yenyewe haijagunduliwa.

Kwa binadamu, ushahidi mmoja wa mapema ulitoka kwa wafugaji wa Somalia. Mwaka 1978 madaktari walichapisha matokeo ya kuwapa baadhi ya wafugaji waliopungukiwa chuma vidonge vya chuma, na wengine vidonge visivyo na dawa. Makundi yalikaribiana kwa idadi. Waliopewa vidonge vitupu walipata maambukizi mara 7. Waliopewa chuma, mara 36. Malaria, kifua kikuu na bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, vilivyokuwa vimelala mwilini viliamka. Ulikuwa utafiti mdogo, na kwa miaka mingi watu waliuchukulia kama kioja cha jangwani.

Ukijua hayo, maziwa ya mama yanaanza kueleweka. Zamani wataalamu waliyaona kuwa na kasoro kwa sababu lita nzima haina hata nusu miligramu ya chuma. Mimi sioni kasoro. Maziwa hayo yana protini nyingi iitwayo laktoferini, ambayo kazi yake mojawapo ni kukamata chuma kilichozagaa utumboni kisishikwe na bakteria wabaya. Yale maziwa ya mwanzo ya njano, ambayo bado kuna bibi wanaoshauri yakamuliwe na kumwagwa, ndiyo yenye laktoferini nyingi kuliko yote. Mtoto wa miezi ya mwanzo hategemei chuma cha maziwa. Anatumia akiba aliyopewa tumboni, hasa miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na kwa mtoto aliyetimiza siku zake akiba hiyo humfikisha karibu miezi sita. Njiti na mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo wako kando na maelezo haya. Akiba yao huisha mapema, nao huandikiwa matone ya chuma na daktari kuanzia miezi miwili. Wasinyimwe kwa sababu mama amesoma blogu yangu.

Hapo pana jambo dogo la chumba cha kujifungulia ambalo nalipigia kelele kila nipatapo nafasi: kitovu kisikatwe haraka. Shirika la Afya Duniani linataka wakunga wasubiri angalau dakika 1, hadi 3, damu iliyoko kwenye kondo imwingie mtoto. Damu hiyo ndiyo chuma chake cha miezi ijayo, na haina gharama yoyote.

Sasa Pemba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kisiwa kile kilikuwa na malaria kali, na watoto wengi walikuwa na damu kidogo. Watafiti, kwa kushirikiana na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, walianzisha jaribio kubwa la watoto wa mwezi 1 hadi 35. Kila siku kundi moja lilipata chuma miligramu 12.5 pamoja na foliki asidi, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, na walio chini ya mwaka walipata nusu. Wengine walipata na zinki juu yake, wengine kidonge kisicho na dawa. Matumaini yalikuwa kwamba chuma kingepunguza vifo. Katika ulinganisho huo wa chuma walikuwemo watoto zaidi ya 24,000.

Agosti 2003 makundi ya chuma yalisimamishwa. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu iliona mambo yanakwenda kinyume: watoto waliokuwa wakipewa chuma walikuwa na uwezekano wa kufa au kulazwa hospitali uliozidi wenzao kwa asilimia 12. Matokeo yalichapishwa Januari 2006 katika jarida la Lancet. Jaribio pacha la Nepal, eneo lisilo na malaria ya namna ile, halikuonyesha madhara hayo, wala halikupunguza vifo.

Asilimia 12 ni kiasi ambacho macho ya mtu mmoja hayawezi kukiona. Mama wa Wete, hukohuko Pemba, ambaye mwanawe alilazwa kwa malaria mwaka 2002 asingekuwa na namna ya kuihusisha na kidonge cha asubuhi. Wala daktari wa wodini asingeiona. Ndiyo maana huwa sipendi kusikia mtu akisema "mimi nimewapa wanangu wote na hawakudhurika".

Ila kilichonishika zaidi katika kazi ile ni kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, wakapimwa damu mwanzoni na kutibiwa malaria mapema. Humo, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika. Waliopewa chuma waliugua sana mara chache kuliko wenzao wasiopewa. Kwa hiyo chuma kilekile kilichomsaidia mwenye upungufu kilikuwa hatari kwa asiyekihitaji. Watafiti walioendelea na swali hili Gambia walitoa sehemu ya maelezo. Kimelea cha malaria hakistawi vizuri katika chembe nyekundu za mtoto mwenye upungufu wa damu. Mpe chuma, mwili utengeneze chembe changa kwa wingi, na kinga hiyo inaondoka.

Pemba ya leo si ile ya 2003. Vyandarua vyenye dawa na dawa mseto viliishusha malaria Zanzibar kwa kiwango ambacho wachache walikitarajia. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza chuma kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 pale ambapo asilimia 40 au zaidi ya watoto wa umri huo wana upungufu wa damu: miligramu 10 hadi 12.5 kwa siku, miezi mitatu mfululizo katika mwaka, na sehemu zenye malaria, kiende pamoja na kinga, upimaji na matibabu ya malaria. Nakubaliana nalo. Ninachopinga ni chupa isiyo na mwisho, inayonunuliwa kwa kubahatisha.

Malaria ikiondoka, utumbo unabaki. Kwale, pwani ya Kenya, watafiti waliwapa watoto wa miezi sita uji wenye unga wa virutubisho kwa miezi minne, baadhi wenye chuma, baadhi usio nacho. Matokeo yalichapishwa 2015. Chuma kiliongeza bakteria wa jamii ya E. koli, wakiwemo wanaowaharisha watoto, kikapunguza bakteria wema wanaostawi kwa maziwa ya mama, na dalili za uvimbe wa utumbo zikapanda. Kumbuka ile hepsidini: mtoto mwenye uvimbe mwilini hafyonzi chuma, kwa hiyo kingi kinabaki utumboni kuwalisha wageni. Baadaye, hukohuko Kwale, waliongeza aina ya sukari inayolisha bakteria wema, na madhara yakapungua sana. Dozi nayo ilishushwa hadi miligramu 5.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani chuma ni adui wa kinga. Sivyo. Kundi hilohilo la watafiti waliochunguza watoto wa Kenya lilionyesha mwaka 2020 kwamba mtoto mwenye upungufu wa damu unaotokana na kukosa chuma siku ya chanjo hutengeneza kinga hafifu dhidi ya baadhi ya magonjwa. Waliopewa chuma wakati wa chanjo walijibu vizuri zaidi chanjo ya surua. Chembe za kinga nazo hugawanyika, na kugawanyika kunataka chuma. Kwa hiyo tunatembea kati ya kingo mbili, na sidhani kuna kijiko kimoja kinachomfaa kila mtoto.

Kliniki, omba apimwe wingi wa damu. Tone la kidoleni linatosha. Kama ana homa, apimwe malaria siku hiyohiyo, na chuma kisubiri mpaka atibiwe. Miezi sita ikifika, anza na chakula chenye chuma kinachofyonzwa kirahisi: maini ya kuku yaliyopondwa, nyama iliyosagwa, dagaa. Uji wa lishe wa nafaka kumi na mbili haunivutii. Kadiri unavyorundika nafaka na soya ambazo hazikulowekwa wala kuoteshwa, ndivyo fitati inavyozidi, nayo hushika chuma kisifyonzwe. Unga wa nafaka moja au mbili zilizooteshwa na kijiko cha dagaa wa kusaga unafanya kazi zaidi. Chai ya rangi asipewe kabisa, wala maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka, maana yanaweza kumfanya avuje damu kidogokidogo utumboni. Juisi ya rozela na ya bitiruti ni nyekundu, na kwa habari ya damu sifa yao kubwa ni hiyo rangi.

Na kama daktari amekuandikia dawa, mpe kwa dozi aliyoandika, imalize, kisha mrudishe akapimwe tena. Chupa iwekwe juu, mbali na mikono. Dawa hizi ni tamu, watoto huzipenda, na chuma kingi kwa mkupuo mmoja ni sumu inayoua.